Kunyoa Ndevu Kila Siku: Maji, Povu na Mkono Mwepesi

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Methali hii huambiwa mtu aliyeona msiba umemfika jirani yake, ili naye ajiweke tayari. Lakini ni wachache wakumbukao ya kuwa maneno haya yametoka katika kazi ya kinyozi, na ya kuwa ndani yake mna somo la kwanza la kazi hiyo: maji hutangulia, wembe hufuata. Wazee walijua vizuri ya kuwa nywele kavu hazinyoleki ila kwa maumivu.

Siku hizi wanaume wengi ni vinyozi wa nafsi zao. Kila asubuhi, mjini na mashambani, mwalimu, askari, karani na mtumishi wa hoteli husimama mbele ya kioo na kushika wembe. Wengi wao hawakufundishwa na mtu yeyote. Walimtazama baba au kaka akinyoa, wakaiga. Mtu hufundishwa kupanda baiskeli na kushona kifungo, lakini kunyoa, kazi atakayoifanya mara maelfu katika maisha yake, huachiwa ajifunze peke yake kwa damu yake mwenyewe.

Matokeo yake huonekana wazi. Shingo ina mikwaruzo, kola ya shati ina matone ya damu, na chini ya taya pana vipele vigumu vinavyowasha wala haviponi. Mwenye uso huo hulaumu wembe. Huenda dukani akanunua mwingine wa bei kubwa zaidi, na baada ya juma moja vipele viko pale pale.

Mara nyingi kosa haliko katika wembe, bali katika kukosa utaratibu. Mtu anyoaye leo kwa maji ya moto na kesho pakavu, leo kwa kushuka na kesho kwa kupanda, hawezi kujua ni jambo gani lililomwumiza. Lakini yule afanyaye mambo yale yale, kwa mfuatano ule ule, kila siku, huujua uso wake kama mkulima ajuavyo shamba lake. Kosa likitokea, hulitambua mara moja na kulirekebisha.

WEMBE ULIVYOFIKA MIKONONI MWA KILA MTU

Zamani kunyoa kulikuwa kazi ya fundi. Wembe ulikuwa kipande cha chuma kilichofuliwa, na ulihitaji kunolewa kwa kinoo, kisha kulainishwa makali yake juu ya mkanda wa ngozi. Mkono usiozoea ungeweza kukata koo. Ndiyo sababu watu walikwenda kwa kinyozi, naye akaheshimiwa kwa utulivu wa mkono wake.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa karne ya 20. Mmarekani mmoja, jina lake King Camp Gillette, alifikiri juu ya wembe mwembamba wa chuma, wenye makali pande mbili, ambao mtu angeutumia na kuutupa bila kuunoa. Kwa msaada wa mhandisi William Nickerson, wazo hilo likawa kitu cha kushikika. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa biashara, mashine 51 tu za kunyolea ziliuzwa. Mwaka uliofuata ziliuzwa zaidi ya 90,000. Kichwa cha mashine hiyo hufunika wembe wote, kikaacha ukingo mdogo tu wa makali ujitokeze, na hivyo hatari ya jeraha kubwa ikaondoka.

Lakini pamoja na faida hiyo ilikuja hasara moja. Kwa kuwa mashine ilikuwa salama, watu walidhani haihitaji kufundishwa. Wakasahau yale ambayo kinyozi wa zamani aliyashika kama sheria: kulainisha kwanza, kutazama jinsi nywele zilivyolala, na kutokandamiza.

KWA NINI NDEVU ZILIZOJIKUNJA HULETA VIPELE

Udevu wa Mwafrika kwa kawaida hujikunja, na hata shina lake ndani ya ngozi limepinda. Udevu huo ukikatwa mfupi mno, hubaki na ncha kali kama ya mkuki uliochongwa. Unapokua hufuata mpindo wake, ukarudi na kuchoma ngozi karibu na mahali ulipotokea. Pengine mambo huwa mabaya zaidi: mtu huvuta ngozi kwa nguvu anaponyoa, udevu ukakatwa, na ngozi inapoachiliwa ile ncha huzama chini. Hapo huanza kukua ndani kwa ndani, bila kutoka nje kabisa.

Mwili huuona udevu huo kama mwiba. Mahali hapo huvimba, huwasha, na mara nyingine hutunga usaha. Kipele hicho hakikuletwa na uchafu, wala si maradhi ya kuambukizwa na mtu mwingine. Ni jeraha dogo linalofanywa na udevu wa mtu mwenyewe. Basi dawa yake ya kwanza si kunyoa karibu zaidi, kama wengi wafanyavyo, bali ni kuacha kunyoa karibu mno.

Kwa muda mrefu watu wenye vipele hivyo walishauriwa wanyoe mara chache tu. Lakini uchunguzi wa waganga wa ngozi uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliofanywa kwa wanaume wenye asili ya Afrika, ulionyesha ya kuwa kunyoa kila siku kwa utaratibu mzuri hakukuzidisha vipele. Jambo hili laeleweka. Udevu wa siku moja bado ni mfupi, haujapata urefu wa kujipinda na kurudi katika ngozi. Yaani kinachodhuru zaidi ni jinsi ya kunyoa kuliko idadi ya siku.

UTARATIBU WA KILA SIKU

Vyombo vinavyotakiwa si vingi: mashine ya kunyolea na wembe wake, sabuni ya kunyolea, brashi laini, kioo, kitambaa safi, na maji. Mahali penye shida ya maji, vikombe viwili vya maji ya moto vyatosha. Kazi yote haizidi dakika 10.

1. Maji. Wakati mzuri wa kunyoa ni baada ya kuoga. Kama haiwezekani, kitambaa kichovywe katika maji ya moto yasiyochoma, kikamuliwe, kikalazwe juu ya ndevu kwa muda wa dakika 2 au 3. Udevu hunywa maji, ukavimba na kulainika, na hukatika kwa nguvu ndogo kuliko ulivyokuwa mkavu. Anayeruka hatua hii ameharibu hatua zote zinazofuata.

2. Povu. Sabuni ya kufulia haifai, kwa maana hukausha ngozi na povu lake hufa upesi. Sabuni ya kunyolea hutoa povu zito linaloshika maji juu ya ndevu. Brashi ichovywe, ikung'utwe kidogo, izungushwe juu ya sabuni, kisha ipakwe usoni kwa kuzungusha, ili ndevu zinyanyuke na kila moja izungukwe na povu. Povu zuri hung'aa, wala halitoi mapovu makubwa kama ya maji ya kufulia. Likikauka kabla kazi haijaisha, liongezwe maji na kupakwa upya. Asiye na brashi atumie vidole vyake, bila kuharakisha.

3. Kushika mashine. Mpini ushikwe karibu na mwisho wake, kwa vidole, si kwa ngumi. Makali yakutane na ngozi kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Njia rahisi ya kuipata ni kulaza kichwa cha mashine shavuni mpini ukiwa umenyooka kwenda pembeni, kisha kuushusha polepole mpaka makali yaanze kugusa.

4. Mkono mwepesi. Hapa ndipo wengi hukosea. Uzito wa mashine wenyewe watosha kukata ndevu zilizolainika. Mkono kazi yake ni kuongoza, si kusukuma. Mtu akiona lazima akandamize, basi ama ndevu hazikulainika, ama wembe umechakaa. Kukandamiza hakuondoi mojawapo ya makosa hayo. Huondoa ngozi tu.

5. Kufuata ulalo wa ndevu. Mashine ipite kuelekea kule ndevu zilikolala, kwa mwendo mfupi wa sentimita 2 au 3, na isuuzwe kila baada ya miendo michache. Kuanza kuwe mashavuni, kisha shingoni, na mwisho kidevuni na juu ya mdomo, maana huko ndevu ni ngumu zaidi na zahitaji kukaa katika povu muda mrefu. Ngozi isivutwe kwa nguvu. Mahali pakibaki ndevu, povu lipakwe tena kabla ya kupapitia; kupitisha wembe juu ya ngozi isiyo na povu ni kujikwaruza. Mwenye vipele asinyoe kinyume cha ulalo hata kidogo.

6. Kumaliza. Uso usuuzwe kwa maji ya baridi na kukaushwa kwa kugusagusa kitambaa, si kwa kusugua. Penye mkato mdogo, kipande cha shabu kilicholoweshwa hukaza ngozi na kusimamisha damu. Vinyozi wamekitumia tangu zamani. Kipande hicho nacho ni cha mtu mmoja. Mwishoni, ngozi ipakwe mafuta laini kidogo, yasiyo na manukato makali.

7. Kutunza wembe. Mashine ifunguliwe kidogo, isuuzwe, ikung'utwe na kuachwa mahali pakavu. Wembe usipanguswe kwa kitambaa, kwa maana makali huharibika na vidole hukatwa.

MAJUMA MANNE YA KUJIFUNZA

Mtu asijaribu kubadili mambo yote siku moja. Akibadili sabuni, wembe na mwendo wa mkono kwa pamoja, uso ukipona hatajua ni kipi kilichomponya, na ukiumia hatajua ni kipi kilichomwumiza. Afadhali achukue jambo moja kwa juma moja, na kila jioni atie alama katika kalenda: palipotoka damu, palipowasha, na siku ambazo wembe umetumika.

Juma la kwanza ni la kusoma uso. Kabla ya kunyoa, apitishe vidole usoni huku na huku. Upande ambao ndevu hulala laini ndio ulalo wake. Upande unaokwaruza vidole ni kinyume. Atashangaa kuona ya kuwa chini ya taya ndevu zaweza kulala pembeni, na shingoni zikapanda juu badala ya kushuka. Wengi wenye vipele shingoni wamekuwa wakinyoa kinyume miaka mingi bila kujua. Achore uso katika karatasi na kutia mishale. Mchoro huo hautabadilika kwa urahisi, kwa maana ndevu hushika ulalo wao.

Juma la pili ni la maji na povu. Mengine yote yabaki kama yalivyo, lakini dakika za kulainisha ndevu zisipunguzwe hata siku moja. Juma la tatu ni la mkono: kupunguza nguvu kila siku mpaka mashine isikike ikikata kwa sauti ndogo iliyo sawa. Juma la nne ni la wembe: kujua ni siku ya ngapi unapoanza kuvuta badala ya kukata. Kwa watu wengi huwa kati ya mara ya 3 na mara ya 7, lakini kila mtu ana hesabu yake, kwa kadiri ya ndevu zake.

Pengine mtu atauliza: chuma kigumu chaharibiwaje na udevu laini? Swali hilo liliwashughulisha hata wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 2020 walieleza katika jarida la Science ya kuwa chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele mara 50 hivi, na hata hivyo unywele mmoja waweza kumegua makali. Walipotazama kwa hadubini yenye nguvu nyingi, waliona ya kuwa chuma cha wembe hakiko sawa sawa kila mahali. Unywele ukiupinda ukingo penye udhaifu, kipande kidogo mno hung'oka. Basi wembe hauishi makali kwa kulika polepole tu. Humeguka pia, na mapengo hayo, ingawa hayaonekani kwa macho, ndiyo yanayoanza kuvuta na kukwaruza.

WEMBE MMOJA, MTU MMOJA

Kuna jambo moja lisilo na majadiliano: wembe hauazimwi. Si kwa ndugu, si kwa rafiki wa chumba kimoja, wala si kwa mtoto na baba yake. Kila kunyoa, hata kusipotoka damu ionekanayo, huacha mikato midogo mno katika ngozi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi, vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza, hata katika tone la damu lililokauka. Virusi vya Ukimwi hufa upesi zaidi nje ya mwili, lakini wembe wenye damu mbichi unaotoka uso mmoja kwenda mwingine hauna usalama. Kusuuza kwa maji au kupangusa kwa karatasi hakuuondolei hatari hiyo.

Onyo hili lahusu pia desturi zetu. Kwa Waislamu mtoto mchanga hunyolewa nywele siku ya saba. Kwa Wamaasai, katika sherehe ya Eunoto, mama humnyoa mwanawe nywele ndefu za umorani. Mahali pengi jamaa wa marehemu hunyolewa vichwa baada ya maziko, pengine watu wengi kwa siku moja. Desturi hizi zina heshima yake na hakuna haja ya kuziacha. Kinachotakiwa ni wembe mpya kwa kila kichwa. Bei ya wembe ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kutibu maradhi ya ini. Vivyo hivyo kwa kinyozi: mteja ana haki ya kuona wembe mpya ukifunguliwa mbele ya macho yake, na kinyozi mwema hatakasirika akiombwa hivyo.

Wembe uliochakaa usitupwe uani wala katika takataka. Kopo lenye tundu jembamba juu, likawekwa mahali ambapo watoto hawafiki, laweza kukusanya nyembe za miaka mingi. Husemwa, "Mtoto akililia wembe, mpe." Hiyo ni methali ya kumfunza mkaidi, haikusudiwi ifuatwe kwa wembe halisi.

VIPELE VIKISHATOKEA

Aliye na vipele vingi tayari asianze somo hili kwa kunyoa. Kwanza apumzishe ngozi, aache ndevu zikue kwa muda wa majuma 3 au 4. Katika muda huo ndevu nyingi zilizojizika hurefuka na kujinasua zenyewe. Kila siku aoshe uso kwa maji ya uvuguvugu na kusugua polepole kwa kitambaa laini, kwa kuzungusha. Asichokoe kwa sindano, wala asing'oe kwa kibano, kwa sababu udevu ulionyofolewa huota tena chini ya ngozi, na kipele kilichochokolewa huacha kovu jeusi. Wengine huota makovu makubwa yanayoinuka. Hao wawe waangalifu zaidi.

Penye usaha, uvimbe mkubwa au maumivu, aende kwa mganga katika zahanati au hospitali. Asiaibike. Wako watu ambao ngozi yao haikubali wembe hata kidogo, na kwao njia ya busara ni kupunguza ndevu kwa mashine ya umeme inayoacha urefu kidogo. Mwajiri anayetaka nyuso safi yafaa aelezwe jambo hili kwa barua ya mganga, maana ndevu fupi zilizotunzwa ni safi kuliko uso ulionyolewa ukajaa madonda.

Kwa wengine wote, utaratibu huu hauhitaji fedha nyingi wala vyombo vya kifahari. Wahitaji dakika 10 za asubuhi na subira ya mwezi mmoja. Siku za mwanzo kazi itaonekana ndefu, kisha mkono utaizoea kama mguu unavyozoea njia ya kwenda kisimani. Wazee walisema, "Kinyozi hajinyoi," na walisema kweli kwa siku zao, maana wembe wao ulihitaji mkono wa pili. Leo kila mwenye kioo, maji na wembe wake mwenyewe anaweza kujinyoa. Ajitie maji kwanza.